Sura ya Saba: Donda Linaloonekana

Saratani nyingi zinazowaua wanaume hujificha. Ya ini hukaa kimya mpaka tumbo lijae maji. Ya tezi dume husubiri mkojo uanze kukatika. Ya umio hungoja mpaka tonge la ugali likwame kifuani. Saratani ya uume haina maficho. Huanzia juu ya ngozi, mahali ambapo mwenyewe hupashika na kupaona kila anapokwenda haja ndogo, asubuhi, mchana na usiku. Haihitaji mashine kuiona wala kipimo cha damu kuishuku. Kwa hesabu ya kawaida ilipaswa kukamatwa mapema kuliko zote. Kwetu hukamatwa mwisho.

Mwaka 2015 madaktari wa Hospitali ya Bugando, Mwanza, walichapisha hesabu ya miaka kumi ya kazi yao: wagonjwa 236 wa saratani ya uume. Walio wengi hawakuwa wametahiriwa, na walio wengi walifika ugonjwa ukiwa umeshakwenda mbali. Idadi hiyo ni ndogo ukiiweka kando ya malaria au ajali za bodaboda. Lakini huu ni ugonjwa ambao Ulaya daktari wa kituo cha kawaida anaweza kustaafu akiwa amekutana nao mara moja au mbili. Kwa dunia nzima, makadirio ya mwaka 2020 yalikuwa wagonjwa wapya kama 36,000 na vifo kama 13,000, na ramani yake haiko sawa hata kidogo: Eswatini na nchi kadhaa za kusini na mashariki mwa Afrika, sehemu za India, jimbo la Maranhão huko kaskazini-mashariki mwa Brazil. Kanda ya Ziwa imo kwenye ramani hiyo.

Tumchukue mtu mmoja wa kubuni, maana safari yake ni ya wengi. Ni mkulima wa pamba, umri hamsini na kitu, ana mke na wajukuu. Govi lake limebana tangu ujana, halirudi nyuma, naye amezoea hivyo mpaka hajui kwamba hilo ni tatizo. Mwaka fulani anaanza kuwashwa ndani ya govi. Baadaye unatoka uchafu wenye harufu. Anakwenda duka la dawa, anakuta muuzaji ni binti wa rika la mwanawe, anajifanya kuangalia bei za sabuni mpaka mteja mwingine aondoke, kisha anasema, "Mwanangu, kuna rafiki yangu ana gono." Anapewa kapsuli. Kapsuli zinapunguza harufu kwa siku kadhaa, kwa sababu zinaua bakteria waliojazana kwenye nyama inayooza, na hapo anaamini kwamba kweli ilikuwa gono. Harufu inarudi. Anachomwa sindano. Inarudi tena. Jirani anamwelekeza kwa mzee mwenye unga wa mizizi, anaunyunyizia mwezi mzima. Kufikia hapo anashika kitu kigumu chini ya ngozi ya govi na anajua kipo, lakini ameshahamia kulala sebuleni, na mkewe anaamini kuna mwanamke mwingine. Ni mke huyo, akiwa na hasira zake, ndiye siku moja anayeona madoa ya damu kwenye shuka.

Tusimcheke. Vitabu vya upasuaji vya Ulaya na Marekani, ambako hospitali ziko jirani na bima zipo, vinaeleza jambo hilohilo: kati ya asilimia 15 na 50 ya wagonjwa hukaa na ugonjwa zaidi ya mwaka mzima kabla ya kumwonyesha daktari. Aibu ya mwanaume haina taifa.

Dalili zenyewe hazina fumbo. Mara nyingi ugonjwa huanzia kwenye kichwa cha uume au upande wa ndani wa govi, mara chache kwenye shina. Kwa mmoja huanza na doa jekundu linalong'aa na lisilokauka. Kwa mwingine ni ngozi iliyokuwa laini ikawa nene na ngumu mahali pamoja, au ukurutu usioisha, au kidonda chenye kingo zilizonyanyuka, au kinyama kinachoota na kuvuja damu kikiguswa. Kwa asiyeweza kulifungua govi, dalili ya kwanza huwa harufu, uchafu, au uvimbe unaoshikika kwa vidole bila kuonekana. Maumivu mwanzoni hayapo au ni madogo, na hapo ndipo watu hudanganyika, kwa kuwa tumelelewa kuamini kwamba kisichouma si ugonjwa.

Yapo mengine yanayofanana nayo, tena mengi zaidi kuliko saratani. Kaswende huleta donda lisilouma, lakini donda hilo hupona lenyewe ndani ya wiki 3 hadi 6 (ugonjwa ukabaki mwilini, hiyo ni habari ya sura nyingine). Malengelenge huja na vijipele vya maji, hupasuka, hukauka, na hurudi baada ya miezi. Fangasi hutulia kwa dawa ya kupaka, na anayepata fangasi za kichwa cha uume mara kwa mara apimwe sukari, kwa kuwa wengi hugundulika na kisukari kwa njia hiyo. Vijana wengine huwaendea madaktari na hofu kubwa kwa sababu ya vipele vidogo vyeupe vilivyopangana kuzunguka ukingo wa kichwa. Hivyo ni maumbile, waviache. Tofauti ya saratani na haya yote ni kalenda. Kidonda, doa au uvimbe wowote wa uume ambao umetibiwa na bado upo baada ya wiki nne haustahili dawa nyingine. Unastahili kukatwa kipande kidogo kikapimwe.

Sasa tuje kwenye chanzo, na hapa inabidi twende Kampala. Katika miaka ya 1950, pale Mulago na Makerere, mwanapatholojia J. N. P. Davies na wenzake walianza kuandikisha kila saratani iliyogunduliwa mjini na viungani mwake, kazi iliyozaa moja ya rejista za kwanza za saratani barani Afrika. Rejista hiyo na tafiti zilizofuata zilionyesha jambo ambalo wageni hawakulitarajia: saratani ya uume, ambayo kwao ilikuwa adimu, Uganda ilikuwa miongoni mwa saratani za kawaida kabisa za wanaume. Mwaka 1971 Schmauz na Jain walichora ramani ya ugonjwa huo nchini Uganda na kukuta haukusambaa sawasawa. Sehemu kubwa ya tofauti ilikwenda sambamba na mila. Wagisu wa mlima Elgon, ambao hutahiri vijana wao kwa sherehe ya imbalu, hawakuwa na mzigo uliokuwa kwa majirani zao wasiotahiri. Pwani yetu ya Kiswahili ni ushahidi wa aina hiyohiyo: watoto wa kiume hutahiriwa wangali wadogo, na saratani hii huko ni nadra. Wasukuma kwa jadi hawakuwa na jando la kutahiri, Wahaya vivyo hivyo, Wajaluo ng'ambo ya ziwa vivyo hivyo. Ndiyo maana ramani ya ugonjwa inalizunguka ziwa.

Hapo ndipo wengi hukimbilia hitimisho kwamba govi lenyewe ni adui. Sivyo, na jibu liko Denmark. Wadenmaki hawatahiri, waliotahiriwa kati yao ni wachache sana. Hata hivyo saratani ya uume kwao ni nadra, na mwaka 1995 watafiti wa nchi hiyo walionyesha kwamba ilizidi kupungua kati ya 1943 na 1990 bila tohara kuongezeka. Kilichobadilika katika kipindi hicho ni nyumba. Mwaka 1940 nyumba zenye bafu zilikuwa kama asilimia 35. Mwaka 1990 zilifika kama asilimia 90. Siwezi kuapa kwamba bafu pekee lilifanya kazi yote, lakini mantiki yake inaeleweka: govi linalofunguka na kuoshwa kila siku si hatari kubwa. Hatari ni govi lisilofunguka. Chini yake hukusanyika utando mweupe, mkojo na bakteria, ngozi hukaa ikiwa na uvimbe usioisha kwa miaka, na seli zinazolazimika kujikarabati mwaka baada ya mwaka mwishowe hukosea. Tafiti zilizowalinganisha wagonjwa na watu wazima wa afya zimekuta kwamba govi lililobana huongeza hatari ya saratani hii zaidi ya mara kumi. Ukiniuliza ni kitu gani kimoja ambacho mganga wa zahanati angeweza kukifanya kupunguza ugonjwa huu, nitakujibu: amuulize kila mwanaume asiyetahiriwa kama govi lake linarudi nyuma, na asiyeweza ampe rufaa.

Kuhusu tohara yenyewe lazima tuseme ukweli wote. Majaribio matatu makubwa, ya Orange Farm Afrika Kusini, Kisumu Kenya na Rakai Uganda, yalionyesha kati ya 2005 na 2007 kwamba kumtahiri mwanaume mzima hupunguza uwezekano wake wa kupata virusi vya UKIMWI kutoka kwa mwanamke kwa asilimia 60 hivi. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza, na ndipo zikaja kampeni za tohara tunazozijua, za Nyanza, Kagera, Mwanza, Iringa na kwingineko. Kinga dhidi ya saratani ya uume ni habari tofauti kidogo: iliyothibitika vizuri ni ya tohara ya utotoni. Aliyetahiriwa akiwa mtu mzima hapati kinga ile ile, hasa ikiwa ngozi ilishateseka kwa miaka. Tohara ya ukubwani inaondoa govi lililobana, inarahisisha usafi, inapunguza virusi vinavyokaa pale, na inamwezesha mtu kuona. Haimpi cheti cha kutougua. Mwanaume aliyetahiriwa akiwa na miaka arobaini aendelee kujiangalia.

Chanzo cha pili ni kirusi cha papiloma, kinachojulikana zaidi kwa herufi zake, HPV. Ni kirusi kilekile kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi kwa wanawake, na aina namba 16 ndiyo inayoongoza kwa wote wawili. Takriban nusu ya saratani za uume hubeba alama zake. Watu wengi hukipata katika maisha ya ndoa na mapenzi bila kujua, na mwili wao hukifukuza bila dawa. Kinapong'ang'ania, ndipo seli zinapoanza kuharibika. Mwenye virusi vya UKIMWI hukifukuza kwa shida zaidi, ndiyo maana saratani hii huwapata wenye virusi hivyo mapema na kwa wingi zaidi. Chanjo ipo. Rwanda ilianza kuitoa kitaifa mwaka 2011, ya kwanza Afrika, Uganda ikafuata 2015, Tanzania 2018, Kenya 2019. Zote zilianza na wasichana, kwa sababu saratani ya mlango wa kizazi inaua wengi mno na dozi hazikutosha kwa kila mtu. Naona uamuzi huo ni sahihi kwa bajeti zetu. Wavulana wananufaika kwa mlango wa nyuma, kwa kuwa msichana aliyechanjwa hamwambukizi.

Saratani yenyewe haiambukizi. Mke hawezi kuipata kwa kulala na mumewe wala kwa kumwosha kidonda. Kirusi ndicho kinachoambukiza, na huenda mke anacho tangu zamani. Kwa hiyo mume akigundulika, mke naye aende kliniki apimwe mlango wa kizazi. Kipimo cha kupaka siki kinafanyika hata kwenye vituo vidogo na majibu hupatikana palepale.

Viko vingine viwili vya kutaja haraka. Tumbaku, ya kuvuta na hata ya kutafuna, huongeza hatari, kwa sababu sumu zake husafiri kwa damu na haziishii kwenye mapafu. Na kuna ugonjwa wa ngozi uitwao laikeni sklerosasi, unaofanya govi na kichwa cha uume viwe na mabaka meupe, ngozi ikakakamaa na tundu la mkojo likaziba taratibu. Mwenye mabaka hayo aangaliwe na daktari mara kwa mara kwa maisha yake yote.

Turudi kwa mkulima wetu. Mkewe amemburuza hadi hospitali. Ameketi mbele ya daktari kijana.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, daktari."

"Nini kinakusumbua, mzee wangu?"

"Kiuno. Na homa za hapa na pale."

"Pole sana. Mkojo unatoka vizuri?"

"Unatoka... kwa tabu kidogo."

"Tangu lini?"

"Muda."

Daktari asiye na uzoefu ataandika dawa ya kiuno na kipimo cha malaria. Mwenye uzoefu atanyanyuka, atafunga mlango, atawaomba wanafunzi na muuguzi watoke kidogo, atavaa glavu na kusema, "Baba, naomba nikuangalie huku chini. Haya mambo tunayaona kila wiki." Sentensi hiyo ya pili ina kazi. Mwanaume aliyebeba siri miaka miwili anaposikia kwamba si yeye peke yake, mikono huenda yenyewe kwenye mkanda.

Baada ya kuangalia uume, daktari mzuri hupeleka vidole kinenani, pande zote mbili, taratibu, maana huko ndiko maisha ya mgonjwa yanakoamuliwa. Kisha huja kukata kipande. Kazi yenyewe ni ya dakika chache chini ya ganzi, na kipande huwekwa kwenye kichupa cha dawa kikaenda kwa mwanapatholojia. Hapa kwetu kuna imani iliyoshika mizizi kwamba "kansa ikiguswa na chuma inasambaa." Haisambai kwa kukatwa kipande. Inasambaa kwa kungojewa. Asilimia 95 ya majibu yatasema ni saratani ya seli bapa za ngozi, na yataeleza seli hizo ni kali kiasi gani na zimezama hadi wapi: juu juu tu, kwenye nyama inayojaa damu wakati wa kusimama, au kwenye mrija wa mkojo.

Nimesema maisha ya mgonjwa huamuliwa kinenani. Watu, wakiwemo wagonjwa wenyewe, hudhani swali kubwa ni uume utabaki au utakatwa. Kwa daktari swali kubwa ni mitoki, yaani tezi za kinena zilizovimba. Saratani hii ina tabia ya kusafiri kwa utaratibu: kutoka kwenye uume huenda kwanza kwenye tezi za kinena, kutoka hapo hupanda kwenye tezi za ndani ya nyonga, na baada ya hapo ndipo huenda mbali, mapafuni na kwingineko. Hairuki hatua kwa urahisi. Mtu ambaye ugonjwa haujafika kinenani ana nafasi nzuri sana ya kupona kabisa. Wengi mno, zaidi ya wanne kwa kila watano, huwa hai baada ya miaka mitano. Ukishafika kwenye tezi za nyonga, wanaofika miaka mitano ni wachache.

Tatizo ni kwamba vidole havitoshi. Mtoki unaoshikika huenda si saratani, kwa kuwa kidonda chenye usaha kinatosha kuvimbisha tezi. Zamani mgonjwa alipewa antibayotiki wiki nne hadi sita ili ionekane kama mtoki utanywea. Siku hizi miongozo inataka uchomwe sindano nyembamba mapema na seli zikapimwe, maana wiki sita ni nyingi kwa ugonjwa huu. Na kwa upande wa pili, kinena kisicho na uvimbe wowote huficha chembe za saratani kwa wagonjwa 20 hadi 25 katika kila 100.

Fumbo hilo ndilo lililomshughulisha Ramón Cabañas, daktari wa upasuaji kutoka Paraguay. Alifuatilia njia ambayo majimaji ya uume hupita kuelekea kinenani kwa kuingiza dawa inayoonekana kwenye picha ya eksirei, akakuta kwamba yapo matezi yanayopokea kabla ya mengine, kama kizuizi cha kwanza cha polisi barabarani: gari lisilopita pale halijaingia mjini. Mwaka 1977 alichapisha hoja yake kwamba tezi hilo la mlinzi likitolewa na kukutwa safi, hakuna haja ya kukwangua kinena kizima. Miaka mingi baadaye wazo hilo, likiwa limeboreshwa kwa rangi na dawa zenye mionzi kidogo, liligeuka kuwa kawaida katika saratani ya matiti na ya ngozi, na mamilioni ya wanawake wameokolewa mikono yao isivimbe kwa sababu yake. Wachache wanajua kwamba lilizaliwa kwenye ugonjwa ambao wanaume wa Paraguay waliona aibu kuutaja.

Katika hospitali zetu nyingi teknolojia ya kulitafuta tezi la mlinzi bado haijafika. Kwa hiyo mgonjwa ambaye majibu yake yanaonyesha saratani kali au iliyozama hufanyiwa upasuaji wa kuondoa tezi za kinena hata kama hazijavimba. Ni upasuaji wenye adha: kidonda kinachochelewa kufunga, maji yanayojikusanya, mguu unaovimba na kuhitaji soksi za kubana kwa miaka. Wagonjwa wengine hutoroka kabla yake kwa sababu uume umeshapona na wanajiona wazima. Hao ndio wanaorudi baada ya mwaka na kinena kilichopasuka, na hapo daktari hana la maana la kuwapa zaidi ya kuwasafisha kidonda na kuwatuliza maumivu.

Kuhusu uume wenyewe, matibabu hulingana na hatua ambayo ugonjwa umefikia. Ugonjwa ulioishia juu ya ngozi unaweza kutibiwa kwa krimu ya fluorourasili kwa wiki kadhaa, au kwa leza mahali ilipo. Ulio kwenye govi peke yake huondoka na tohara pana. Ulio kwenye kichwa huweza kuhitaji kichwa tu kiondolewe na mahali pake pafunikwe kwa ngozi ya paja. Wapasuaji wa zamani walifundishwa kukata sentimita mbili nzima za nyama yenye afya; leo inajulikana kwamba milimita chache zilizothibitishwa kuwa safi zinatosha, na tofauti hiyo ni kubwa kwa mwenye kiungo chake. Ukishazama, hukatwa sehemu ya shina, na ikiwa hakuna kinachoweza kubaki, hukatwa wote. Mionzi inaweza kuchukua nafasi ya kisu kwa uvimbe mdogo. Dawa za dripu, zile zenye sisplatini ndani yake, hutumika zaidi tezi zilipovimba sana, ili kuzipunguza kabla ya upasuaji. Kwa Tanzania huduma za mionzi na dripu hizo zinapatikana Ocean Road Dar es Salaam na Bugando Mwanza. Uganda, Taasisi ya Saratani iliyopo Mulago tangu 1967. Kenya, hospitali kuu za rufaa za Nairobi na Eldoret.

Naona ni haki kuyasema wazi yanayofuata baada ya kukatwa, kwa sababu watu hukimbia hospitali wakikimbia picha waliyojichorea kichwani. Aliyebaki na kipande cha sentimita mbili tatu kwa kawaida ataendelea kukojoa akiwa amesimama, na wengi wao huendelea na tendo la ndoa. Aliyekatwa wote, mpasuaji humtengenezea tundu jipya la mkojo kati ya korodani na njia ya haja kubwa. Atachuchumaa, atajisaidia vizuri, na mkojo hautavuja, kwa kuwa msuli unaoufunga uko ndani zaidi na haujaguswa. Atakaa na mpira wa mkojo wiki moja au mbili kisha utatolewa. Korodani hubaki. Kwa hiyo sauti haibadiliki, ndevu hazipotei, na hamu haiondoki. Hilo la mwisho huwashangaza wengi na huwaumiza wengine. Linataka mazungumzo na mke, na daktari anayeondoka wodini bila kuyaanzisha mazungumzo hayo amefanya nusu ya kazi. Kuna wanaouliza juu ya kupandikizwa uume mwingine. Umefanyika: Afrika Kusini mwishoni mwa 2014 kwa kijana aliyeharibikiwa na tohara ya jando, na Boston, Marekani, mwaka 2016 kwa mwanaume aliyekatwa kwa saratani. Ni upasuaji wa wachache mno duniani, unaofuatwa na dawa za kila siku, na mtu asiuweke kwenye mipango yake.

Baada ya matibabu ni kurudi kliniki, na hapa ndipo nauli za Sengerema na Ukerewe hupambana na tarehe kwenye kadi. Ugonjwa unaorudi, mara nyingi hurudi ndani ya miaka miwili ya kwanza, kwa hiyo katika kipindi hicho mgonjwa huangaliwa kila baada ya miezi mitatu, kisha kila miezi sita mpaka mwaka wa tano. Familia inayokaa kikao cha kuchangia upasuaji ichangie na nauli hizo papo hapo, maana baada ya mgonjwa kutoka wodini hakuna anayekumbuka tena kuitisha kikao.

Kinga ya kila siku haina gharama. Asiyetahiriwa avute govi nyuma taratibu kila anapooga, aoshe kwa maji na sabuni laini, akaushe, kisha alirudishe mbele; likiachwa nyuma linaweza kubana na kuvimba, na hiyo ni dharura ya kukimbizwa hospitali. Govi la mtoto mdogo lisilazimishwe, litafunguka lenyewe kadiri anavyokua. Mama anayemwogesha mtoto wa kiume asione haya kumfundisha usafi huo mapema, na baba achukue zamu mtoto anapoanza kujifungia bafuni.

Na wewe unayesoma ukiwa na kidonda, doa au uvimbe ambao umeshaumalizia dawa ukabaki palepale, nenda hospitali wiki hii, uchukue na mtu wa kukusindikiza ukiweza. Ukifika, usitaje kiuno. Sema neno lenyewe, vua, na uonyeshe. Daktari akikuandikia dawa bila kukuangalia na bila kukushika kinena, mwombe kwa heshima akuangalie kwanza, na akikataa, omba rufaa uende kwa mwingine.